Mshipi wa kupanda miti: Namna ya kuuchagua na kuutumia pasipo kuhatarisha maisha

WAKULIMA wa Kanyakine na vitongoji vyake, eneo la Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru, hawawezi kuzungumzia riziki yao pasipo kutaja miti.

Mgrivea, ambao wakazi wengi wa maeneo yanayozunguka Mlima Kenya huujua kwa jina la mukima, hupogolewa ili matawi yake yawe kuni na mwanga wa jua ufikie kahawa na mahindi yaliyo chini yake. Maparachichi na makadamia huleta fedha za karo. Kwingineko, upande wa Tharaka, mizinga ya magogo huning'inizwa juu ya miti ili nyegere asiifikie asali.

Kazi zote hizi zina jambo moja linalozifungamanisha: sharti mtu apande juu.

Mara nyingi mtu huyo hupanda akiwa miguu peku, panga amelichomeka kiunoni, na hana kitu chochote kinachomshikilia mtini isipokuwa vidole vyake. Akiwa hodari, hushuka salama mara mia. Hata hivyo, mti hauulizi mtu ana uzoefu wa miaka mingapi. Tawi moja bovu, ganda lililoloa umande au upepo wa ghafla hutosha kumwangusha.

Hesabu ya kuanguka ni rahisi na ya kutisha. Mtu aangukaye kutoka mita 3 hugonga ardhi akiwa na kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Akianguka kutoka mita 6, kimo kinachokaribia paa la nyumba ya ghorofa moja, kasi hiyo hufika kilomita 39 kwa saa, na safari nzima huchukua sekunde moja na ushei. Muda huo hautoshi kujigeuza wala kushika tawi jingine.

Wanaonusurika mara nyingi huvunjika mguu, nyonga au uti wa mgongo. Uti wa mgongo ukivunjika na mishipa ya fahamu iliyomo kukatika, mtu aweza kupooza maisha yake yote. Aliyekuwa akilisha nyumba hugeuka kuwa wa kulishwa, na majirani huitwa kwenye harambee ya kulipia gharama za matibabu.

Makala haya yanaeleza kifaa kinachoweza kuzuia msiba wa aina hiyo: mshipi wa kupanda miti, namna ya kuuchagua, na namna ya kuutumia.

Kifaa cha wawindaji

Nchini Marekani, wawindaji wa paa wanaotumia upinde na mishale wamezoea kukaa juu ya mti kwa saa nyingi wakimvizia mnyama. Zamani wengi wao walitumia majukwaa ya kufunga mtini, na kuanguka kutoka majukwaani kukawa miongoni mwa sababu kuu za majeraha mabaya kati ya wawindaji wa nchi hiyo.

Ndipo wengi wakahamia kwenye kifaa kinachoitwa tandiko la mti. Jina hilo lisimpotoshe msomaji, kwa kuwa hakuna farasi wala punda. Tandiko hili ni kiti laini cha kitambaa kigumu kinachozunguka makalio na kiuno, chenye mikanda ya mapajani na vitanzi imara vya kuunganishia kamba.

Mwindaji hutumia kamba mbili. Ya kwanza huzunguka shina na kushikana na pete za pembeni mwa kiuno, nayo humlinda wakati wa kupanda na kushuka. Ya pili hufungwa shinani juu ya kichwa chake na kumshikilia kutoka mbele anapokuwa amefika. Hapo huegemea nyuma, nyayo zikiwa zimekanyaga shina au kibao kidogo, na uzito wake wote hubebwa na kamba.

Wakenya hawana ruhusa ya kuwinda. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendelea kuufanya kuwa kosa la jinai, hata pale mtu anapotafuta kitoweo tu. Kwa hiyo mkazi wa Kanyakine hana haja ya tandiko la kuvizia paa.

Hata hivyo, maarifa yaliyomo katika tandiko hilo ndiyo yale yale anayoyahitaji mpogoaji wa mukima, mchumaji wa maparachichi na mrina asali. Kwa hakika, watu wa kwanza kufaidika na mishipi ya aina hii walikuwa watu wa kazi, si wawindaji. Fundi wa umeme anayeonekana ameegemea nyuma juu ya nguzo, mikono yote miwili ikiwa huru, anategemea kanuni hiyo hiyo.

Mkwezi wa minazi kule Pwani naye ana ujuzi wake, wa kuchonga vidato katika shina na kukanyaga kimoja baada ya kingine. Lakini mnazi una shina moja lililonyooka lisilo na tawi. Mparachichi una matawi yanayotanda kila upande, na mkwezi wake hulazimika kwenda mbali na shina. Hapo ndipo hatari huzidi.

Aina tatu za mishipi

Kosa la kwanza hutokea dukani, kabla ya mtu kuufikia mti. Mishipi iko ya aina nyingi, na kila aina ina kazi yake.

Aina ya kwanza ni mshipi wa kiunoni peke yake. Huu humsaidia mtu kuegemea nyuma akiwa amekanyaga mahali imara, nao hutambulishwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 358. Haukuundwa kumdaka mtu anayeanguka. Akianguka nao, nguvu yote huja tumboni na mgongoni, na aweza kuumia vibaya au kupinduka kichwa chini na kuchomoka.

Aina ya pili ni mshipi wa kiti, wenye mikanda ya mapajani, ambao hubeba uzito wa mtu aliyening'inia. Kiwango chake ni EN 813. Hii ndiyo jamaa ya karibu ya tandiko la wawindaji, na ndiyo inayotumiwa na wapogoaji wa miti wenye taaluma.

Aina ya tatu ni mshipi wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Kiwango chake ni EN 361. Huu ndio uliokusudiwa kumdaka mtu anayeanguka, na ndio unaoonekana kwa wajenzi wa majumba marefu.

Kwa kazi ya kupogoa, ambapo mtu hukaa juu kwa muda mrefu na kugeuka huku na huku, mshipi wa kiti wenye pete za pembeni hufaa zaidi. Baadhi ya mishipi hukusanya viwango viwili au vitatu kwa pamoja, na lebo yake husema hivyo.

Mnunuzi aelewe pia kwamba tandiko la mwindaji na mshipi wa mpogoaji si kitu kimoja. Mwindaji hukaa kimya mahali pamoja, wala hana msumeno mkononi. Mpogoaji husogea, hujinyoosha na kukata. Anahitaji kiti kipana zaidi, mikanda ya mapajani isiyoteleza, na kamba ya kuzunguka shina ambayo haitakatika kwa pigo moja la panga. Ndiyo maana wapogoaji wengi hupendelea kamba yenye waya wa chuma ndani yake.

Mambo ya kukagua dukani

Jambo la kwanza ni lebo. Mshipi halali huwa na jina la mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, nambari yake, kiwango ulichotimiza na uzito wa juu unaoruhusiwa. Mshipi usio na lebo ni kitambaa tu, hata uwe na rangi za kupendeza namna gani.

Jambo la pili ni umri. Nyuzi za nailoni na poliesta huchakaa hata zikiwa kabatini. Watengenezaji wengi huweka ukomo usiozidi miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa, na muda huo hupungua sana pale kifaa kinapotumiwa kila siku kwenye jua na utomvu.

Kwa sababu hiyo, mshipi wa mitumba si biashara nzuri. Koti la mitumba likipasuka, mtu hushona. Mshipi ambao umewahi kumdaka mtu aliyeanguka, au uliomwagiwa asidi ya betri, waweza kuonekana mzima kumbe nyuzi zake zimekufa.

Jambo la tatu ni kukaa mwilini. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, usiweze kuteremka. Mikanda ya mapajani ikazwe kiasi kwamba kiganja kilichonyooshwa hupita kati yake na paja, lakini ngumi haipiti.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuning'inia. Aufunge mshipi kwenye boriti au tawi la chini, nyayo zikiwa karibu kugusa ardhi, na akae hapo dakika 10 au 15. Miguu ikianza kufa ganzi, au mkanda ukikata nyama ya paja, mshipi huo haumfai hata kama ulimfaa jirani yake.

Jambo la nne ni karabina, ile pete ya chuma yenye lango inayounganisha kamba na mshipi. Lango lake liwe la kujifunga au la skrubu, lisiweze kufunguka likigusa tawi. Ubavuni huwa na alama ya nguvu kwa kipimo cha kilonyutoni, kwa mfano 22 kN, ambayo ni sawa na kuhimili uzito wa zaidi ya tani 2. Zile karabina ndogo za kufungia funguo na chupa za maji hazina nafasi juu ya mti.

Huenda mtu akauliza sababu ya kudai tani 2 ilhali yeye ana kilo 80 tu. Jibu ni kwamba mwili unaoanguka huongeza nguvu. Mtu wa kilo 80 akianguka mita 1, kisha kamba isiyonyumbuka ikamsimamisha katika sentimita 10, nguvu ya wastani itakayovuta kamba na mifupa yake ni takriban mara 11 ya uzito wake, yaani karibu kilo 880.

Hapo ndipo ilipo siri ya matumizi ya mshipi: kamba isilegee. Mtu aliyekaa kwenye kamba iliyokazwa hawezi kuanguka kwa sababu tayari amebebwa. Aliyeacha mita moja ya kamba ikining'inia amejiwekea mtego.

Kamba ipi?

Katika mashamba mengi kamba iliyo karibu ni ile ya katani, au ya manila inayofungia ng'ombe na mizigo. Hizo zibaki na ng'ombe na mizigo. Katani huoza kwa unyevu, nayo kamba ya plastiki ya bei rahisi hudhoofishwa na jua na huyeyuka inaposuguana na kitu kwa kasi.

Kamba ifaayo ina sehemu mbili: kiini cha nyuzi nyingi zinazobeba uzito, na ganda lililosukwa linalokilinda kiini hicho. Kiwango chake ni EN 1891, na unene wa milimita 11 au zaidi humfaa mkwezi kwa kuwa mkono huishika vyema.

Mafundo nayo yana elimu yake. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine kwa theluthi moja. Fundo ambalo kila mkwezi anapaswa kulijua ni la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Kitanzi cha kamba nyembamba huzungushwa mara tatu kwenye kamba kuu. Likiwa halina uzito, fundo hilo husogezwa kwa mkono juu na chini. Likivutwa, hung'ata kamba na kubaki papo hapo.

Kwa fundo hilo mtu aweza kufupisha au kurefusha kamba yake akiwa juu pasipo kujifungua. Kitanzi sharti kiwe chembamba kuliko kamba kuu, la sivyo hakitang'ata.

Kabla ya kupanda

Ukaguzi wa mti huanzia chini. Mkwezi auzunguke mti mzima akitazama mizizi, shina, panda na kilele. Uyoga unaoota shinani ni dalili kwamba ndani mna uozo. Matawi makavu, nyufa katika panda na mashimo ya ndege ni maonyo. Vilevile atazame nyuki, siafu na nyoka.

Ajue pia tabia ya mti anaoupanda. Matawi ya mparachichi hukatika ghafla bila kutoa mlio wa onyo. Mukima nao una matawi yanayovunjika upepo unapovuma. Wapogoaji wengi wa mukima huacha visiki vya matawi ili viwe ngazi yao mwaka unaofuata. Visiki hivyo huoza polepole kutoka ndani, na kile kilichombeba mtu mwaka jana huenda kisimbebe mwaka huu.

Nyaya za umeme zinapopita karibu, kazi isianze. Si lazima mtu auguse waya ndipo apigwe. Tawi bichi linaloanguka juu yake laweza kupitisha umeme. Miti ya namna hiyo ni kazi ya kampuni ya umeme.

Kisha hukaguliwa mshipi wenyewe: mishono, pete, mahali palipobabuka, palipochubuka au palipokauka kwa jua. Ukaguzi huu huchukua dakika tatu. Mara moja kwa mwaka kifaa chote kikaguliwe na mtu mwingine mwenye ujuzi. Chenye shaka kikatwe vipande, asije mwingine akakiokota na kukitumia.

Kazi juu ya mti

Mkwezi apande akiwa amefungwa tangu hatua ya kwanza. Kamba inayozunguka shina husukumwa juu kidogo kidogo kadiri anavyopanda.

Anapofikia tawi linalozuia kamba, ndipo wengi hukosea: hufungua, huvuka na kufunga tena. Sekunde hizo chache ndizo zinazoua. Mkwezi awe na kamba mbili za kuzunguka shina. Afunge ya pili juu ya tawi, aijaribu kwa kuivuta, kisha ndipo afungue ya kwanza. Wakati wowote, walau kamba moja iwe imemshika.

Afikapo mahali pa kazi, afunge kamba ya kuning'inia juu ya kichwa chake, kwenye shina bichi lenye afya. Shina la kipenyo cha chini ya sentimita 10 halitoshi, na kwa miti yenye mbao dhaifu atafute kubwa zaidi. Kisha aketi taratibu huku akishikilia shina, ausikilize mti, na ndipo aachie mikono.

Kabla ya kukata, awe amefungwa sehemu mbili tofauti. Sababu ni wazi: panga au msumeno ukikata kamba moja, nyingine itambakiza hai. Kamba ya kuzunguka shina isipite karibu na mahali panapokatwa, wala mtu asikate tawi ambalo kamba yake imelitegemea.

Panga lisipandishwe kiunoni. Mkwezi apande kwanza, ajifunge, kisha avute chombo kwa kamba nyembamba kutoka chini. Chombo nacho kifungwe ili kisimwangukie mtu. Msumeno wa injini si wa kushikwa kwa mkono mmoja, na asiyefunzwa kuutumia juu ya mti asipande nao.

Mti ukiloa au upepo ukiwa mkali, kazi iahirishwe. Haraka haraka haina baraka, na kuni za kesho hazina thamani ya uti wa mgongo.

Mtu wa chini

Hakuna mkwezi anayestahili kupanda peke yake. Chini abaki mtu mzima asiyekuwa na kazi nyingine ila kumtazama, kuwazuia watoto na mifugo wasisogee, na kuitikia kila anapoitwa.

Mtu huyu ajue jambo ambalo wengi hawalijui. Anayening'inia kwenye mshipi akiwa amezirai au hawezi kusogeza miguu yuko hatarini hata kama hana jeraha. Damu hukusanyika miguuni, hairudi vyema moyoni, na hali yake yaweza kuwa mbaya mno ndani ya dakika chache. Sharti ateremshwe upesi. Kwa hiyo kabla ya kupanda, wawili hao wakubaliane atateremshwa kwa kamba ipi na nani. Mkwezi mwenyewe abebe kitanzi cha kukanyagia, ili akikwama asimame juu yake na kuipa miguu nafuu.

Mtu akianguka chini, mapenzi ya majirani huweza kumdhuru. Kumwinua kwa mabega, kumkalisha au kumpakia kwenye bodaboda ni kuhatarisha uti wa mgongo wake. Aachwe alivyo, kichwa na shingo vishikiliwe visitikisike, afunikwe asipatwe na baridi, na msaada uitwe kwa nambari 999 au 112. Ikiwa hapana budi kumbeba, abebwe juu ya ubao mgumu na watu kadhaa wanaoinua kwa pamoja, mmoja akishikilia kichwa.

Sheria inasema nini?

Wenye mashamba wengi huamini kwamba kibarua wa siku moja hubeba hatari zake mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, iwe kazi ni ya kudumu au ya muda, na inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo nayo huweka wajibu wa kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini.

Kadhalika, watoto wa shule ambao huajiriwa wakati wa likizo kuchuma matunda au kukata matawi, kwa kuwa ni wepesi, hawapaswi kuwa huko. Sheria za Kenya zinakataza kumpa mtoto wa chini ya miaka 18 kazi ya hatari, na kazi ya mita kadhaa juu ya ardhi haiwezi kuitwa vinginevyo.

Kutopanda kabisa

Hata mshipi bora si sababu ya kupanda mti usiohitaji kupandwa.

Makadamia yaliyokomaa huanguka yenyewe na kuokotwa. Anayepanda kuyatikisa huangusha na yale machanga, ambayo hayana mafuta ya kutosha na huharibu soko la wote. Kwa sababu ya uchumaji huo wa mapema, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) imekuwa ikisitisha uvunaji kwa miezi kadhaa hadi njugu zikomae. Katika jambo hili, asiyepanda anapata faida mara mbili.

Maparachichi huchumwa kwa upembo wenye kikapu na kisu kidogo nchani, mchumaji akiwa amesimama chini. Miche iliyopandikizwa, kama ya Hass, ikipogolewa tangu ingali michanga hubaki mifupi, na mavuno yake hufikiwa pasipo kukwea. Mukima nao, ukianza kupogolewa ukiwa mdogo, hupunguza kazi ya kupanda miaka ya mbele.

Wafugaji wa nyuki wana njia yao pia. Mzinga wa Kenya wenye vijiti vya juu, uliobuniwa miaka ya 1970, huning'inizwa kwa waya kati ya nguzo kwenye kimo cha kiuno, na asali hurinwa miguu ikiwa ardhini.

Inabaki miti mirefu ambayo lazima ipandwe. Kwa hiyo, mshipi hauna mbadala. Bei yake ni kubwa kuliko ya panga na kamba ya manila, na kibarua mmoja huenda asiimudu. Lakini Kanyakine, kama vijiji vingine vya Meru, ina vyama vya akiba na vikundi vya wakulima. Kikundi chaweza kununua mishipi miwili inayorekebishika, kamba na karabina zake, kikamteua mtu wa kuvitunza mahali pakavu pasipo na jua, na kuandika daftari la kila anayevitumia.

Mafunzo nayo yatangulie. Mkwezi mpya ajizoeze mita moja juu ya ardhi, siku baada ya siku, hadi mikono yake ifunge na kufungua bila kusitasita, ndipo apande juu zaidi.

Wanakijiji ambao wangechanga fedha za kumpeleka mwenzao hospitalini wana uwezo wa kuzichanga mapema, angali anatembea. Tahadhari kabla ya athari, wahenga walisema, na mchango wa mshipi ni mdogo kuliko ule wa kiti cha magurudumu.